Aliyetoka Bado Hajafika: Familia na Jumuiya ya Siri katika Filamu Moja, na Huduma Yetu ya Uchungaji

Mwezi wa Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Huko walikuwa wamehamia wafuasi wa mhubiri Paul Nthenge Mackenzie pamoja na watoto wao, na wengi walikufa kwa njaa, wakiamini kwamba kufunga chakula hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Kristo. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Tangu siku hizo swali linaloulizwa sana katika sharika zetu, na hata katika madarasa ya chuo, ni lile la mlango wa kuingilia: watu wenye akili timamu, wengine wenye kazi na elimu, waliingiaje? Swali hilo ni la haki. Lakini mchungaji wa usharika mara chache huitwa mtu anapoingia katika kundi la namna hiyo. Huitwa baadaye, binti anapokuwa amerudi nyumbani, amekaa kimya jikoni, na wazazi hawajui la kufanya naye. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kuzungumza juu ya mlango wa kutokea. Je, mtu aliyetoka katika jumuiya ya siri anarudi wapi, na ni nini kinachomzuia asifike?

Ili kulieleza jambo hili tutafuata filamu moja ya Marekani iitwayo Martha Marcy May Marlene, iliyoandikwa na kuongozwa na Sean Durkin. Ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2011 katika tamasha la Sundance, na Durkin akapewa huko tuzo ya uongozaji. Ni hadithi ya taharuki ya kisaikolojia, yaani hofu yake haitoki katika bunduki na mbio za magari, bali katika nafsi ya mtu asiyejua tena ni lipi alilolikumbuka na ni lipi alilolibuni. Tunamtahadharisha msomaji mapema: ndani yake mna uchi, ubakaji na mauaji. Si filamu ya kuonyeshwa darasa la kipaimara, wala si ya kutazamwa Jumamosi jioni na mchungaji ambaye hajamaliza kuandaa mahubiri yake. Iwapo yuko atakayeuliza kwa nini tuchukue hadithi ya kubuni badala ya kitabu cha elimunafsi, na akumbuke namna Nathani alivyomwendea Daudi (2 Sam. 12). Yako mambo ambayo mtu hayaoni katika nyumba yake mpaka aonyeshwe katika nyumba ya mwingine.

Hadithi yenyewe

Filamu inaanza katika shamba moja lililo kwenye milima ya Catskill, jimbo la New York. Ni mahali pazuri pa macho. Jioni wanaume wanaketi mezani na kula kwa utulivu, huku wanawake wakisubiri. Wanaume wakiinuka, wanawake nao wanaingia kula. Hakuna anayefokewa. Asubuhi yake, kabla wengine hawajaamka, msichana anatoka, anavuka barabara, anaingia msituni. Wenzake wanamwita. Mmoja wa vijana wa kundi anamkuta mjini katika mkahawa, anaketi naye, anazungumza naye kwa upole, kisha anaondoka na kumwacha. Yeye anatafuta simu ya barabarani na kumpigia dada yake, Lucy, ambaye hajamwona kwa muda wa miaka miwili. Lucy anakuja kumchukua kwa gari na kumpeleka katika nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, jimbo la Connecticut, anakokaa na mumewe Ted.

Kutoka hapo filamu inakwenda huku na huku kati ya nyumba ya ziwani na shamba la milimani, bila kumwambia mtazamaji kwamba sasa tumehama. Msichana anaruka majini ziwani na kuibukia kule shambani. Anajilaza kitandani kwa dada yake na kuamka katikati ya magodoro ya wanawake wa kundi. Mwanzoni mtazamaji hudhani fundi wa mitambo amekosea. Baadaye anatambua kwamba ndivyo msichana huyu anavyoishi: mwili wake uko mahali pamoja, na bado yuko pawili. Katika filamu nzima hakuna maelezo bora zaidi kuliko hayo, na yametolewa bila neno moja.

Majina manne

Kichwa cha filamu ni orodha ya majina. Martha ni jina alilopewa na wazazi wake. Siku anapofika shambani, kiongozi wa kundi, mwanamume wa makamo aitwaye Patrick, anamwuliza jina. Akiisha kuambiwa, anasema kwamba yeye anafanana zaidi na mtu wa kuitwa Marcy May. Anasema kwa utani, na msichana anatabasamu. Tangu hapo hakuna anayemwita Martha tena. Na Marlene? Shambani kuna simu, na mwanamke yeyote anayeipokea hujitambulisha kwa jina la Marlene Lewis. Ni jina lisilo na mwenyewe. Kwa hiyo msichana huyu kwanza alinyang'anywa jina la nyumbani, akapewa jina la upendo, na mwisho akafundishwa kujibu kwa jina ambalo kila mmoja aweza kulivaa, kama nguo za shambani ambazo nazo zilikuwa za wote.

Sisi wanatheolojia tusiharakishe kumlaani Patrick kwa sababu tu ametoa jina jipya, maana Maandiko nayo yanajua jambo hilo. Abramu aliitwa Abrahamu, Yakobo akaitwa Israeli, Simoni akaitwa Petro. Tofauti iko wapi basi? Abrahamu alipewa jina pamoja na ahadi, na ahadi yenyewe ilielekea nje, kwa mataifa mengi (Mwa. 17:5). Yakobo alipewa jina akiwa njiani kukutana na ndugu yake aliyemkosea, na kesho yake alikwenda kumkumbatia huku akichechemea (Mwa. 32–33). Majina hayo yaliwarudisha watu kwa ndugu zao. Jina la Marcy May linafanya kinyume: linamtenga msichana na kila mtu ambaye angeweza kumwita kutoka mbali. Dada yake angefika mpaka langoni na kuita “Martha!”, asingekuwapo wa kuitika.

Ubatizo wetu mtakatifu hauna hata chembe ya siri. Mtoto huletwa mikononi mwa wazazi, wasimamizi wakisimama kando, usharika ukisikia, na jina lake likaandikwa katika kitabu ambacho mtu yeyote wa haki aweza kukifungua. Mungu anayemwita mtu kwa jina na kusema kuwa ni wake (Isa. 43:1) hamfichi mtu huyo asionwe na mama yake. Mchungaji atakayempokea aliyetoka katika jumuiya ya siri afanye jambo hili dogo kabla ya mengine yote: amwite kwa jina lake la ubatizo, na amwite mara nyingi.

Namna shamba linavyofanya kazi

Anayetafuta minyororo katika shamba hilo hataiona. Lango liko wazi. Patrick anapiga gitaa na kumwimbia msichana wimbo mbele ya wote, na kamera inakaa usoni pa msichana, ambaye pengine hajawahi kuimbiwa na mtu. Tunaelewa kidogo kidogo kwamba baba hakuwapo maishani mwake, mama amefariki, na dada mkubwa alikuwa chuoni wakati mdogo wake alipobaki na shangazi. Patrick anayajua hayo yote. Anamwambia kwamba watu wamekuwa wakimtupa, na kwamba yeye hatamtupa. Kundi lenyewe linajiita familia, na kila mgeni huambiwa awe na subira mpaka atakapoona nafasi yake katika familia hiyo.

Kisha unakuja usiku ambao msichana anapewa kinywaji chenye dawa na Patrick anambaka. Asubuhi wanawake wenzake, ambao nao walipitia hayo, wanamweleza kwa sauti ya upole kwamba jambo lililompata ni jema, ni la kutakaswa, na kwamba wao wanatamani wangerudia usiku wao wa kwanza. Hapa ndipo nguvu ya jumuiya ya siri ilipo. Yeye mwenyewe alijua kwamba ametendewa uovu. Mwili wake ulijua. Lakini watu wote anaowaamini, wanaomlisha na kumkumbatia, wanasema kwamba ni wema. Anachagua kuwaamini wao kuliko mwili wake. Baada ya muda anafika msichana mwingine, mdogo zaidi, aitwaye Sarah. Ni Marcy May anayemtayarishia kinywaji, na ni Marcy May anayemtuliza.

Kundi pia linaingia katika nyumba za watu usiku na kuiba. Siku moja mwenye nyumba anawakuta sebuleni, na mmoja wa wanawake anamchoma kisu mgongoni. Patrick ana mafundisho tayari hata kwa hilo: kifo ni kitu kizuri, na hofu ni mlango wa upendo mkamilifu. Mtume Yohana alisema kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu (1 Yoh. 4:18), Patrick amegeuza maneno, akaifanya hofu kuwa ndiyo pendo. Mwanafunzi wa theolojia ajifunze kuitambua mbinu hii, kwa kuwa mafundisho potofu hayaji na msamiati mpya. Huja na msamiati wetu, uliopangwa upya.

Nyumba ya ziwani

Lakini kwa maoni yetu sehemu inayomhusu mchungaji zaidi si ya shambani. Ni ya nyumba ya ziwani, yenye vyumba vingi, chakula kizuri, na watu wawili wasio wabaya hata kidogo.

Lucy anampenda mdogo wake. Anamwuliza alikuwa wapi. Martha anajibu kwamba alikuwa na mchumba, wakaachana, naye Lucy anapokea jibu hilo. Pengine halisadiki, lakini ni jibu linalomwezesha kila mtu kwenda kulala. Baada ya hapo maswali yanayobaki katika nyumba hiyo yanahusu adabu. Kwa nini ameogelea uchi mchana kweupe? Kwa nini ameingia chumbani usiku, mke na mume wakiwa katika faragha yao, akajilaza kitandani kana kwamba hakuna jambo? Kwa nini hana mpango wa kazi? Ted anamwona kuwa mvivu na mzigo. Martha naye anawajibu kwa maneno yasiyo yake. Anamwambia Ted kwamba yeye ni mwalimu na kiongozi, na mtazamaji anajua ni nani aliyemwambia hivyo. Lucy anatafuta mtoto, na Martha anamwambia kwamba atakuwa mama mbaya sana. Katika karamu ndogo ya nyumbani anamwona mhudumu wa vinywaji, anaamini kwamba ni mtu wa shambani, anapatwa na hofu kuu, na wenyeji wanampa dawa ya kumtuliza. Mara nyingine anapewa kinywaji chenye dawa na watu wanaompenda. Sidhani kwamba mwongozaji aliweka jambo hilo kwa bahati.

Usiku mmoja Martha anapiga simu shambani. Sauti inajibu kwa jina la Marlene Lewis. Anasikiliza, anazungumza kidogo, anakata. Wapo watakaosema kwamba amerudia matapishi yake. Mimi nasema kwamba alipiga simu mahali pekee ambapo mambo aliyoyaona yalikuwa yakijulikana. Katika nyumba ya dada yake hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari hizo. Nyumba ya ziwani nayo, kwa njia yake ya heshima, imekuwa nyumba ya siri.

Familia zetu hufanya hivyo hivyo, na mara nyingi hujitetea kwa mfano wa mwana mpotevu. Husemwa kwamba yule baba hakumwuliza mwanawe lolote, alimkumbatia tu na kuchinja ndama. Basi nasi tusiulize. Hebu tuisome tena Luka 15. Mwana alitunga hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako (Lk. 15:18–19). Alipofika aliianza hotuba hiyo, na baba akamwacha aseme sehemu ya kwanza na ya pili. Ni sehemu ya tatu ambayo hakuisema, kwa sababu baba alikwisha kugeuka na kuagiza vazi, pete na viatu. (Hati kadhaa za kale huongeza sehemu ya tatu hapo katika mstari wa 21, lakini wafasiri wengi huiona kuwa imenakiliwa kutoka mstari wa 19.) Baba hakuyanyamazisha maungamo. Aliyasikia, kisha akakataa lile jina la mtumishi, akamwita mwanangu. Pale ziwani mambo hayo mawili yamegawanyika: kukumbatia kupo, kusikia hakuna. Na kukumbatiwa na mtu asiyejua umetoka wapi hakumtoshi aliyetoka mbali.

Aliyetendwa na aliyetenda

Hapa tumefika penye ugumu wa jambo lenyewe. Martha ametendewa uovu, na Martha ametenda uovu. Alibakwa. Vilevile alimtayarisha Sarah kwa ajili ya kubakwa, akashiriki katika wizi, akaona mtu akiuawa na akakaa kimya. Mambo haya mawili yamefungamana ndani yake kama nyuzi za mkeka, na kwa sababu hiyo hawezi kulisema moja bila kuogopa kwamba la pili litafuata. Ndiyo maana anasema kwamba alikuwa na mchumba.

Mchungaji asiyetofautisha aibu na hatia atamdhuru mtu wa namna hii kwa upande mmoja au mwingine. Akimwalika atubu na kumtangazia ondoleo la dhambi kwa habari ya yale aliyotendewa, amemwongezea mzigo, maana amekiri mbele za Mungu kwamba kubakwa kwake kulikuwa kosa lake. Akimwambia, kwa huruma, kwamba yeye hana kosa lolote, kwa kuwa yote yalifanywa na yule mwovu, amemfungia mlango wa pekee ambamo dhamiri yake ingepata kupumzika. Sarah anamjia usiku. Kumwambia kwamba Sarah si juu yake ni kumwambia asiyaamini macho yake mwenyewe, jambo ambalo alikwisha kufundishwa kule shambani. Sheria na injili, ambazo wanafunzi wetu huziandika vizuri sana katika mitihani, hapa zinatakiwa kugawanywa ndani ya kisa kimoja, pengine ndani ya sentensi moja, na kwa polepole. Mwezi mmoja hautoshi. Mara nyingine mwaka hautoshi.

Katika Makala za Smalkaldi za mwaka 1537, Luther anapotaja njia ambazo injili hutujia, baada ya neno linalohubiriwa, ubatizo, Meza ya Bwana na mamlaka ya funguo, anaongeza mazungumzo ya ndugu na kufarijiana kwao. Ni nyongeza fupi ambayo wengi huipita. Kwa mtu aliyetoka katika jumuiya ya siri, mazungumzo hayo hutangulia. Ungamo huja nyuma. Kwanza awe na mtu mmoja awezaye kusikiliza habari za kinywaji kile bila kushtuka na bila kutamani kujua zaidi ya anayoambiwa. Kwa msichana aliyebakwa mtu huyo afaa awe mwanamke. Na kama usharika una mchungaji mwanamke, shemasi wa kike au muuguzi mwenye busara, mchungaji mwanamume asione vibaya kukaa nje.

Kuhusu yale mauaji, tuseme wazi. Siri ya ungamo haivunjwi. Lakini maondoleo tunayoyatangaza hayaichukui kazi ya mahakama, wala hayaondoi haki ya jamaa za marehemu kujua nani alimwua ndugu yao. Mungu anatawala kwa mikono yake yote miwili. Mchungaji anaweza kumtangazia mtu msamaha asubuhi, na alasiri, mtu huyo akiwa tayari, akamsindikiza kituo cha polisi na kukaa naye bengini. Hatukuona katika filamu mtu yeyote wa kumsindikiza Martha popote, isipokuwa hospitalini, na hapo ni baada ya yeye kumsukuma Ted kwa teke akaanguka ngazini.

Luther na waliotoka

Waluteri hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama la wageni. Martin Luther mwenyewe aliingia katika nyumba ya watawa wa Augustino huko Erfurt mwezi wa Julai 1505 kinyume cha matakwa ya baba yake, Hans. Hatusemi kwamba monasteri ilikuwa shamba la Patrick. Ilikuwa na sheria iliyoandikwa, ilijulikana na mji mzima, na ndani yake Luther alipata mwungamishi mwema, Johann von Staupitz, ambaye alimshukuru maisha yake yote. Lakini jeraha kati ya baba na mwana lilikuwa la kweli. Siku Luther alipoadhimisha misa yake ya kwanza, mwaka 1507, baba alimkumbusha mbele ya wageni amri ya kuwaheshimu wazazi. Miaka 14 baadaye, Novemba 1521, Luther alipoandika kitabu chake juu ya nadhiri za kitawa, alikitanguliza kwa barua kwa huyo baba, akikiri kwamba siku ile alisema kweli.

Alikwisha kuandika, basi, kwamba nadhiri hizo hazifungi dhamiri. Tungetazamia avue kanzu ya utawa siku hiyo hiyo. Aliendelea kuivaa mpaka Oktoba 1524. Kichwa kilitoka mwaka 1521. Mabega yalichelewa miaka mitatu. Mshauri yeyote anayemhimiza aliyetoka kundini aseme upesi kwamba amekwisha kupona, na aikumbuke kanzu hiyo.

Wakati wa Pasaka mwaka 1523 watawa wa kike 12 walitoroka kutoka Nimbschen kwa msaada wa mfanyabiashara Leonhard Koppe. Tisa kati yao walifikishwa Wittenberg, na mmoja alikuwa Katharina von Bora. Kutoroka kulichukua usiku mmoja. Kuwatafutia makao kulichukua miaka. Luther aliandika barua huku na huku akiomba pesa, nguo, nyumba za kuwapokea, na wachumba kwa waliotaka kuolewa. Si kila familia iliweza kumpokea binti yake, kwa kuwa nchi nyingine za Ujerumani ziliadhibu vikali waliotoka na waliowasaidia. Jambo moja linatuvutia zaidi. Luther hakulificha tendo hilo. Alichapisha barua ya wazi kwa Koppe akieleza kwa nini lilikuwa la haki, na akataja majina ya wanawake wale. Walitoka mahali pa kufungwa, nao wakaingia mjini kwa majina yao.

Nyumba ya Ntungamo

Afrika Mashariki ina kisa chake ambacho mtunzi wa filamu asingekithubutu. Joseph Kibwetere alikuwa Mkatoliki mwenye heshima huko Ntungamo, kusini-magharibi mwa Uganda, aliyewahi kushughulika na elimu na siasa. Mwaka 1989 alikutana na Credonia Mwerinde, aliyedai kutokewa na Bikira Maria, na punde kundi zima likahamia nyumbani kwake. Jumuiya ya siri haikumtoa baba nyumbani, iliingia sebuleni. Mke na watoto waliishi nayo, wakiwa wageni katika nyumba yao, mpaka mwaka 1992 kundi lilipofukuzwa. Lilikwenda Kanungu, na baba alikwenda nalo. Huko wafuasi waliuza mali zao, mume na mke waliishi mbalimbali, na watu walizungumza kwa ishara za mikono ili wasije wakavunja amri kwa ndimi zao. Miongoni mwa viongozi alikuwamo padri Dominic Kataribabo, msomi aliyesomea Marekani, jambo linalopasa kutunyamazisha sisi tunaodhani kwamba diploma ya theolojia ni chanjo. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea katika jengo lao la ibada lililofungwa, na baadaye yakapatikana makaburi ya pamoja katika nyumba nyingine za kundi.

Msomaji afikirie wale waliobaki Ntungamo. Wao hawakuingia, au waliingia wakatoka. Hata hivyo kila aliyepoteza mtoto Kanungu alijua jina la ukoo wao. Familia ya namna hiyo hukaa viti vya nyuma kanisani, au huacha kabisa kuja, na hakuna ibada katika kitabu chetu iliyoandikwa kwa ajili yake. Mchungaji atalazimika kwenda mwenyewe, bila kuitwa, na kurudi tena.

Na kutoka Shakahola tunayo habari ambayo inaisema filamu nzima kwa ufupi. Mwezi wa Juni 2023 watu 65 waliookolewa msituni walifikishwa mahakamani kwa shtaka la kujaribu kujiua, kwa sababu waliendelea kukataa chakula hata ndani ya kituo cha uokoaji. Walikuwa wametolewa. Mbele yao palikuwa na sahani, daktari, na askari mlangoni, nao walikuwa bado msituni.

Kwa watu kama hao Luther ametuachia picha katika Katekisimo Kubwa. Walimu wa kale, akiwamo Hieronimo, walisema kwamba toba ni ubao wa pili, ambao mtu huushika baada ya merikebu ya ubatizo kuvunjika. Luther anakataa. Merikebu haivunjiki, asema, kwa kuwa ni ya Mungu. Sisi ndio tunaoanguka majini, na aliyeanguka na aogelee aishike tena. Anayetoka kundini anaamini kwamba amevunja kila kitu, na kwamba yote aliyobakiwa nayo ni kibao cha kuelea juu yake. Tunalo neno la kumwambia juu ya merikebu ile. Lakini aliye majini hasikii vizuri. Mara nyingi mtu wa merikebuni huhitaji kushuka.

Mwisho wa filamu, Lucy na Ted wanampeleka Martha hospitalini. Njiani mtu anakatiza mbele ya gari lao, anaingia katika gari lake na kuwafuata nyuma. Ni mtu wa shambani, au ni mpita njia? Hatuambiwi, picha inakatika hapo hapo. Watazamaji wengi hubishana juu ya gari hilo la nyuma. Mimi nilitazama ndani ya gari la mbele. Ted anaendesha, Lucy yuko kando yake, wote wawili wanatazama barabara. Martha yuko nyuma na kioo kiko mgongoni mwake. Anageuka kidogo, hasemi neno, na kiti cha pembeni yake ni kitupu.